Maji Yafuate Ramani

Jumatatu, 3 Novemba

Umeme umekatika tena kabla sijahifadhi kazi. Nimeanza upya. Upepo wa Same hauna adabu, vumbi limeingia hadi kwenye kibodi. Bosi anataka ramani ya mpango wa mji ikamilike wiki ijayo. Anaongea kama vile ramani ni maandazi.

Tabaka la matumizi ya ardhi limekamilika. Njano, makazi. Kijani, bustani na miti, ambayo kwa hapa kwetu ni matumaini zaidi kuliko miti. Nyekundu, hatari, hapajengwi. Korongo la Kambini ni jekundu kutoka mlimani hadi barabara kuu. Mchangani ni njano tupu: viwanja vimenyooka, barabara zimenyooka, kila kona ina bikoni ya mpaka. Kazi nzuri. Naisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeisema.

Mama Bahati ameleta chai. Anaishi Kambini, na anajua kwamba kwenye kompyuta yangu anaishi ndani ya nyekundu. Hakosi kunitania. Leo kasema, "Madamu, bado hujatubadilishia rangi?" Nikamjibu rangi zimeisha dukani. Tukacheka. Alikuja kutoka Kigoma na mume mkata mkonge. Mume akafariki, shamba likafungwa, yeye na wenzake wakajenga vibanda Mchangani. Mwanzoni mwa mwaka huu tulipokuja kupima viwanja wakaondolewa. Wakavuka ng'ambo, kwenye kambi ya zamani ya shamba, ambako hakuna anayewauliza kitu. Kwenye ramani hawapo. Nyekundu haina nyumba.

Alhamisi, 6 Novemba

Dada Naelijwa kahamia Mchangani leo. Kiwanja nilimchagulia mimi. Mama tulimshusha garini kwa godoro, watu wanne, na bado alikuwa anatoa amri. Tangu kiharusi kimpige hawezi kusimama. Baba alifia njiani tukimteremsha kutoka mlimani kuja hospitali, na nilijiapiza Mama hatafia njiani. Sasa hospitali iko karibu. Basi.

Mama alitazama dari, akasema nyumba inanuka rangi, akatabasamu kwa upande ule wa mdomo unaomtii.

Nilitoka nje kuangalia bikoni. Zimekaa kwenye mchanga mweupe, laini, umechekechwa vizuri, kama mchanga wa mtoni. Nimeandika neno hilo na limenikaa vibaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Dada yuko kanisani. Sisi ni Wasabato, na mimi niko ofisini. Atanisema wiki nzima.

Nilitaka tu kuweka picha mpya za droni juu ya ramani, zile tulizopiga mlimani tukitafuta njia ya bomba. Ndiva ya kijijini kwetu imo. Inaonekana vizuri: bwawa la maji ya kahawia, na upande mmoja ukuta mpya wa mawe unang'aa.

Ukuta ule naujua. Nimebeba mawe yake. Desemba iliyopita, Wapare wote tumerudi nyumbani kama kawaida, pembe ikapigwa, msaragambo ukaitwa. Kijiji kizima kazini, na sisi wa mjini na kucha zetu. Mto wote wa bondeni kwetu unapita kwenye ndiva ile, na kila mvua ilikuwa inamwaga maji upande huo. Yanapotea bure, wazee wakasema. Tukauinua ukingo ili ndiva ijae zaidi, kiangazi maharage na tangawizi zipate kunywa. Tukala makande, tukapiga picha. Hakuna aliyeuliza maji yakizidi yatatokea wapi. Ndivyo tulivyo. Mpare anawaza namna ya kuyashika maji, hawazi namna ya kuyaachia.

Sasa kilichonitoa jasho. Ramani ya hatari ilichorwa na waliotutangulia, kwa data ya mwinuko ya kabla ya ukuta. Programu ikikuta shimo kwenye ardhi inadhani ni kosa. Inalijaza, kisha inapitisha maji kwenye ukingo ulio chini kuliko mwingine. Kwa data ile, ukingo wa chini ulikuwa upande wa Kambini. Ndiyo maana Kambini ni nyekundu. Nikaingiza urefu wa ukuta mpya, nikaendesha upya. Mstari wa buluu ukaondoka Kambini. Ukateremkia upande wa pili, ukapita katikati ya Mchangani. Ukapita juu ya paa la dada.

Nimerudia. Nimerudia tena kwa picha nyingine. Ni ule ule.

Masika iliyopita ilikuwa haba, ndiva haikujaa. Ndiyo sababu hakuna aliyeona kitu. Vuli hii wanasema itakuwa kubwa. Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemweleza Bosi. Alisikiliza huku anachokonoa meno. Kasema Mchangani hapajawahi kupita maji. Kajuaje? Kaja Same juzi. Kasema viwanja vimeidhinishwa, watu wameshajenga, nikibadilisha rangi leo tutaonekana wahuni. Niweke maelezo mafupi nyuma ya ripoti. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nikasema mama yangu amelala pale, hawezi kukimbia. Akasema, "Hapo ndipo unapoharibu, Nakijwa. Unachanganya kazi na nyumbani." Nimemchukia mchana kutwa. Jioni nikaona kuna ukweli kidogo katika aliyosema, nikamchukia zaidi.

Jua kali mjini. Tone halijaanguka. Lakini mlima umejifunika wingu jeusi tangu asubuhi na haujifunui. Wageni hapa hutazama mvua juu ya vichwa vyao. Ya Same haitoki juu ya kichwa.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kumwomba dada wahamie kwangu mpaka vuli ipite. Chumba changu ni kimoja, lakini tungebanana. Amenitazama kama mwendawazimu. "Wewe mwenyewe si ndiye uliyeniambia hapa ni salama?" Ndiyo, mimi. Nikaeleza ukuta, ukingo, mstari wa buluu. Akaniuliza kama Mungu naye yumo kwenye hiyo kompyuta.

Mama kasikia kila kitu. Akaniita. Maneno yake siku hizi yanatoka taratibu, moja moja, na huwezi kumkatiza. Kasema hahami nyumba mara mbili kwa mwezi mmoja. Kasema akibebwa tena kwa godoro iwe ni kwenda makaburini.

Majirani wanamwagilia vijiti vya michongoma. Mmoja anajenga ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chake. Niliwaambia wawili. Wakanishukuru kwa heshima, wakaendelea kumwagilia.

Mama ni mkaidi. Mimi nimetoka kwake. Sitakubali.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepanda mlimani kwa bodaboda. Ukungu, baridi, njia inateleza. Nilimkuta baba mdogo Sefania kwenye ndiva. Yeye ndiye msimamizi wake, anajua nani anafungua maji siku gani, na watu wanamwogopa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanionesha ndiva kwa fahari. Haijawahi kujaa hivi, kasema. Kweli. Maji yamefika karibu na ukingo. Yametulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilizunguka upande wa pili, upande wa Mchangani. Ukingo pale ni udongo mtupu. Tayari una unyevu.

Nikamwambia wabomoe ukuta wetu wa Desemba, warudishe mdomo wa zamani. Alikasirika. Kiangazi watakula nini, akaniuliza, ramani? Nikamwambia yakimwagikia huku yatampitia Mama. Mama ndiye aliyempikia tangu akiwa kijana hana mke. Mwisho kasema, "Kwa shemeji yangu, sawa. Lakini jua linazama. Kesho Sabato. Jumapili pembe itapigwa."

Nikamwomba iwe kesho. Akabeba jembe lake, akaanza kwenda nyumbani. Siku ya Sabato huku mtu hang'oi hata magugu.

Wakati wa kushuka, pale kwenye kona ambako mji wote unaonekana, nikaona mabati ya Kambini yanametameta, mstari mmoja na mdomo wa zamani. Sikushtuka. Nilikuwa nimeshalijua hilo tangu nikiwa juu, wakati namwomba baba mdogo. Tangu Jumamosi nililijua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimefungua picha ya droni ya Kambini. Nikaanza kuhesabu mapaa, nikaacha. Kuna nguo zimeanikwa. Kuna mtu amesimama mlangoni anaitazama droni.

Najiambia: narudisha tu maji yalikokuwa yanapita. Najiambia: pale ni eneo la hatari, limeandikwa, halikutakiwa kukaliwa. Yote kweli. Na sisi ndio tuliowatoa Mchangani wakaenda pale. Nalo kweli. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mchana nilikwenda Kambini kwa miguu. Mara yangu ya kwanza kufika bila kamera. Mama Bahati alinipa kigoda, akanifutia kwa kanga. Nikamwambia ahame, wote wahame, maji yanakuja. Akaniuliza kwenda wapi. Mchangani walisema si petu, Madamu. Hakuuliza kwa ukali, na ningependa angeuliza kwa ukali. Kisha akauliza la maana: mbona masika yote hapa pamekauka, sasa maji yatatoka wapi?

Ningemwambia. Ningesema, kesho ndugu zangu watayageuza, kwa sababu nimewaomba. Nikasema mvua ya mwaka huu ni kubwa. Akatikisa kichwa, akanimiminia uji. Nikaunywa.

Nikapita kwa mwenyekiti wa mtaa wa jirani. Kambini si mtaa, haina mwenyekiti. Kasema wale si watu wake, lakini nikileta barua kutoka ofisini ataitisha kikao. Ofisini Jumamosi hakuna mtu.

Mlimani kunanguruma.

Jumapili, 16 Novemba

Baba mdogo kapiga simu asubuhi. Pembe imepigwa. Nilisikia majembe na mitalimbo nyuma ya sauti yake, na watu wanaimba ule wimbo wa kazi. Baadaye kapiga tena. Wamemaliza. Maji yameanza kutoka kwenye mdomo wa zamani, kidogo, kama mfereji tu. Udongo ule wa upande wa pili wameushindilia mawe. Mama sasa atalala, kasema. Nikamshukuru. Nikakaa kitandani.

Kisha nikainuka. Nilikwenda msikitini karibu na Kambini, nikamwomba imamu atangaze kwenye kipaza sauti. Hakuniuliza barua. Katangaza baada ya adhuhuri na baada ya alasiri: watu wa Kambini wahamie shule ya msingi, maji yanakuja. Mwalimu mkuu alifungua madarasa. Wengi wamehama na watoto na magodoro. Wengine wamebaki kuangalia mali. Mama Bahati kahama, yeye na binti yake, Bahati. Nimewaona kwa macho yangu wanaingia darasani.

Basi nimefanya niliyoweza. Naandika hivyo halafu naisoma, na siamini hata nusu.

Jumatatu, 17 Novemba

Yamekuja. Mchana, jua linawaka.

Kwanza sauti. Tulidhani ni lori la kokoto. Kisha harufu ya udongo mbichi, kali, mji mzima. Nikapanda juu ya tangi la ofisi. Korongo la Kambini limejaa ukuta wa tope, una magogo na mawe ndani yake, na mabati.

Mchangani pakavu. Nimempigia dada simu. Kasema Mama amelala, ninapiga kelele za nini.

Jumatano, 19 Novemba

Mama Bahati amepatikana leo kwenye kalavati, chini ya barabara kuu.

Usiku wa Jumapili walilala shuleni. Jumatatu asubuhi anga jeupe, maji hayajaja. Watu wakaanza kuwacheka waliohama. Akarudi kuchukua jiko na masufuria. Bahati ndiye aliyenieleza, amesimama mlangoni ofisini, hakutaka kuketi. Wapo na wengine. Wanaume waliobaki kulinda mali. Bibi mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka kumwamsha.

Nikamwambia Bahati pole. Akasema asante, Madamu, wewe ulituonya, watu wote wanasema hivyo. Kasema Mungu akulipe.

Nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi mezani.

Ijumaa, 21 Novemba

Wageni wamekuja kutoka mkoani, na watu wa maafa. Bosi kaamuru nilaze picha za droni za baada ya mafuriko juu ya ramani yetu. Nimezilaza. Tope limekaa ndani ya nyekundu kama mkono ndani ya glovu. Halikutoka nje hata mahali pamoja. Njano yote safi.

Bosi alikuwa karibu aruke. Kaniita mbele ya wageni, kanishika bega. "Mabibi na mabwana, hii ndiyo faida ya sayansi katika kupanga miji. Ramani haikukosea." Wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani kaniuliza kama kuna lolote la kuongeza. Bosi alinitazama. Maelezo yangu mafupi ya nyuma ya ripoti kayaondoa, nimeangalia.

Ningesema ukuta. Ningesema maji yalikuwa yaje Mchangani, yakarudishwa kwa majembe ili yafuate ramani. Wangeuliza nani aliyeomba. Wangepanda mlimani kumchukua baba mdogo, mzee wa watu, ambaye hakuijua Kambini wala aliyekuwa ndani yake. Mimi ndiye niliyeijua.

Nikasema sina la kuongeza. Wanataka mpango huu ukaoneshwe wilaya nyingine. Nitapewa cheti.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeshinda Mchangani. Jana dada kanisani kasimama kutoa shukrani kwa nyumba yake kunusurika, waumini wakaimba, na wakaombea familia za Kambini. Ananisimulia huku anachambua mboga. Amenenepa uso. Majirani wanapita kunisalimia, wale wale wa michongoma. Wananiita mtaalamu.

Nilimwosha Mama miguu, nikampaka mafuta, nikamgeuzia ubavu wa pili. Ngozi yake ni nzuri, hana kidonda hata kimoja. Dada anamtunza vizuri. Nilikaa naye dirishani. Mvua ikaanza tena mlimani, tukaiona inavyoshuka, ya kijivu, taratibu, mtaa kwa mtaa mpaka mlima ukapotea. Hapa kwetu jua. Watoto wa jirani wanacheza kwenye mchanga.

Mama kauliza kama maji yatafika.

Nikamwambia hapana. Huku hayafiki.

Akageuza macho, akanitazama muda mrefu. Kauliza, "Umejuaje?"

Nikamwambia najua tu. Akafumba macho. Nikampandishia shuka, nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi, nikaenda kumsaidia dada kumenya ndizi.